Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuhifadhi Dampu za Kerneli ya Linux kwenye Diski ya Mtandao

Ukurasa huu ni wa mafundi wanaotunza seva za Linux hapa Uganda: kwenye SACCO ya Mbarara, hospitali ya Gulu, chuo cha Mbale, kampuni ya intaneti ya Kampala. Unahusu kdump, mfumo wa Linux unaohifadhi dampu, yaani nakala ya memori, pale kerneli (kiini cha Linux) inapoanguka; na hasa namna ya kufanya dampu hiyo iandikwe kwenye boksi lingine la mtandao badala ya diski ya seva iliyoanguka. Katika mifano yote, boksi la kupokea dampu lina anwani 10.10.4.5 na seva inayolindwa ni 10.10.4.21. Badilisha uweke za kwako.

Seva ikizimika naiwasha na kazi inaendelea. Dampu ya nini?

Inaendelea mpaka izimike tena. Hapa kwetu seva ikijiwasha upya usiku, asubuhi jibu liko tayari: umeme. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu linafunika sababu nyingine zote. Draiva mbovu ya kadi ya mtandao, memori inayokufa polepole, hitilafu ya kerneli ambayo ilisharekebishwa kwenye toleo jipya: kwa mtu wa kaunta zote ni kitu kimoja, mfumo umekatika na umerudi. Ofisi inanunua UPS kubwa zaidi, kisha betri, kisha memori, na seva bado inaanguka.

Dampu inamaliza kubahatisha. Ndani yake unaona kerneli ilikuwa inafanya nini sekunde ile ilipopaniki (ilipokutana na hitilafu isiyoweza kuivuka, ikasimama), kwa niaba ya programu ipi, ikiwa ndani ya draiva ipi. Na kuna faida ya pili ambayo watu hawaifikirii. Umeme ukikatika hakuna dampu inayoandikwa. Kwa hiyo kama kdump yako umeijaribu na unajua inafanya kazi, seva ikajiwasha upya bila kuacha dampu, umeshapata dalili nzito kwamba kerneli haikupaniki, na sasa unaweza kwenda kukagua umeme, pawasaplai au joto la chumba ukiwa na sababu. Ila hiyo ni kwa kdump iliyojaribiwa. Isiyojaribiwa haikuambii chochote, iwe imeandika au haikuandika.

Kdump inafanyaje kazi?

Seva inapowaka, sehemu ndogo ya memori inatengwa na kuwekwa kerneli ya pili ambayo inakaa bila kazi. Kerneli kuu ikipaniki haiaminiki tena kuandika kwenye diski, maana huenda miundo yake ya ndani imeshaharibika. Kwa njia ya kexec inairukia moja kwa moja ile ya pili, bila kupitia BIOS, kwa hiyo memori ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Kerneli ya pili inaiona memori hiyo kama faili, `/proc/vmcore`. Programu ya `makedumpfile` inaichuja, inaibana, inaituma pale ulipoelekeza, halafu mashine inajiwasha upya kawaida. Mfumo huu umo ndani ya Linux rasmi tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005, kwa hiyo si kitu cha majaribio.

Kwa nini niipeleke kwenye mtandao? Seva yangu ina diski.

Kwa sababu mara nyingi diski hiyo hiyo, au kidhibiti chake cha RAID, ndiyo iliyosababisha kuanguka. Dampu ikitegemea kifaa kinachoshukiwa, utaikosa siku unayoihitaji zaidi. Pili, ukiwa na seva 10 unataka kukagua sehemu moja, si kuingia kila mashine. Tatu, seva nyingi zimegawanywa diski kwa ubahili na `/var` haina nafasi ya faili la gigabaiti kadhaa.

Kama una seva moja tu na diski yake ni nzima na ina nafasi, andika humo humo. Hakuna haja ya kununua NAS (boksi la diski la mtandao) kwa ajili hii peke yake.

Nichague NFS, SSH au iSCSI?

Kwa ofisi nyingi ninazozifahamu, NFS, yaani folda inayoshirikiwa kupitia mtandao. Ni rahisi kuandaa, karibu kila NAS inaijua, na faili linafika likiwa tayari kufunguliwa. Udhaifu wake ni kwamba NFS ya kawaida haifichi data inapopita kwenye kebo, na inamwamini mteja kwa anwani yake ya IP. Kwa hiyo itumie ndani ya VLAN ya seva (mtandao wao uliotengwa kwenye swichi), isipite mtandao wanaotumia wageni na wafanyakazi wote.

SSH, njia ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa usiri, ni nzuri pale ambapo boksi la kupokea ni Linux kamili na unataka data ifichwe njiani. Lakini kuna sharti: kdump haitumi faili kwa SFTP. Inaingia kwa SSH na kuendesha amri za kawaida za kutengeneza saraka, kuandika kwa `dd` na kubadilisha jina la faili. Akaunti uliyoifunga iwe ya SFTP pekee haitafanya kazi. Na kwenye Synology, kuingia kwa SSH wanaruhusiwa wasimamizi peke yao, kwa hiyo kutumia SSH hapo ni kuipa kila seva ufunguo wa msimamizi wa NAS. Usifanye hivyo. Tumia NFS.

iSCSI, yaani diski ya mbali inayoonekana kama ya seva yenyewe, inafaa kama tayari unayo na seva zako zinaitegemea. Kuianzisha upya kwa ajili ya dampu ni kazi kubwa kuliko faida: kila seva inahitaji diski yake, na kerneli ya pili inabeba mzigo zaidi kabla haijaanza kuandika.

Wi-Fi isahau. Kdump inataka kebo.

Nitenge memori kiasi gani kwa kerneli ya pili?

Kwenye RHEL 9 na ndugu zake (Rocky Linux, AlmaLinux) kiwango cha kuanzia ni hiki:

`crashkernel=1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M`

Maana yake: mashine yenye memori kati ya 1G na 4G inatenga 192M, mpaka 64G inatenga 256M, zaidi ya hapo 512M. Kwa dampu ya diski ya ndani inatosha. Kwa dampu ya mtandao mara nyingine haitoshi, hasa kwenye seva zenye kadi za gigabiti 10 au zaidi, maana draiva zake zinajitengea memori nyingi. Dalili ni kerneli ya pili kuwaka, kuanza kuita mtandao, kisha skrini kujaa ujumbe wa `Out of memory`. Ukiiona, ongeza:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"`

Washa upya, kisha hakikisha kwa `cat /sys/kernel/kexec_crash_size`. Ikirudisha 0, hakuna kilichotengwa. Amri ya `kdumpctl estimate` nayo inakupa makadirio, lakini kwangu jaribio halisi ndilo linaloamua.

Kwenye Ubuntu na Debian kiwango kiko `/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg`. Ukibadilisha, endesha `update-grub` na uwashe upya.

Naandaaje boksi la kupokea? Hatuna pesa ya NAS mpya.

Kompyuta kuukuu ya mezani yenye Debian, diski mbili na kadi ya gigabiti inatosha kabisa. Haifanyi kazi mpaka siku ya tatizo. Iweke kwenye UPS, halafu:

`apt install nfs-kernel-server`
`mkdir -p /srv/kdump`

Kwenye `/etc/exports` andika mstari huu:

`/srv/kdump 10.10.4.0/24(rw,sync,no_root_squash,no_subtree_check)`

Kisha `exportfs -ra`. Neno `no_root_squash` ndilo linalosahauliwa. Kerneli ya pili inaandika kama root, na NFS kwa kawaida humgeuza root kuwa mtu asiye na ruhusa. Bila neno hilo, kila kitu kitaonekana kimeunganika vizuri na kuandika kutakataliwa. Kwa kuwa linatoa ruhusa kubwa, saraka hii isiwe na kitu kingine chochote: si mahali pa bakapu, si mahali pa hati za ofisi.

Ukitumia Synology, jambo hilo hilo liko kwenye ruhusa za NFS za folda, sehemu ya Squash, chagua kutobadilisha mtumiaji yeyote. Njia ya folda huanza na `/volume1/`. Kwenye TrueNAS tafuta Maproot User na uweke root.

Jambo dogo lakini linakera: dampu za RHEL zinaingia kwenye saraka yenye jina kama `10.10.4.21-2025-06-14-02:17:33`. Zile nukta mbili za saa hazikubaliki kwenye majina ya Windows. Kama folda hiyo hiyo inafunguliwa pia na kompyuta za Windows, majina yatatokea yamevurugika. Faili liko zima. Lifungue kutoka Linux.

Niandike nini kwenye seva ya Rocky, AlmaLinux au RHEL?

Kwanza unganisha NFS kwa mkono, na iweke kwenye `/etc/fstab` ili ibaki imeunganishwa. Matoleo mapya yatakataa kuanza kdump kama hifadhi uliyoitaja haijaunganishwa.

`mount -t nfs 10.10.4.5:/srv/kdump /mnt/kdump`
`touch /mnt/kdump/jaribu`

Hiyo `touch` ikikataliwa, rudi kwenye `no_root_squash` kabla hujagusa kitu kingine. Kisha fungua `/etc/kdump.conf`:

`nfs 10.10.4.5:/srv/kdump`
`path /`
`core_collector makedumpfile -l --message-level 7 -d 31`
`failure_action dump_to_rootfs`

Mstari wa `path` unahesabiwa kuanzia ndani ya folda ya NFS. Ukiuacha wa kawaida, `/var/crash`, kdump itatafuta `/srv/kdump/var/crash` kwenye NAS, na kama haipo italalamika kwamba njia haipo kwenye hifadhi. Ama itengeneze, ama weka `/` kama hapo juu.

Mstari wa `failure_action` ni akiba yako. NAS isipopatikana, kerneli ya pili itajaribu kuandika kwenye diski ya seva yenyewe badala ya kuwasha upya mikono mitupu. Kwenye matoleo ya zamani mstari huu huitwa `default`.

Malizia kwa `systemctl enable kdump` na `kdumpctl restart`. Amri hii ya pili inatengeneza upya initramfs (mfumo mdogo wa faili wa kuwashia) ya kdump, ikiwa na draiva na mipangilio ya mtandao ya wakati huo. Kwa hiyo ukibadilisha kadi ya mtandao, anwani ya IP au VLAN ya seva, endesha `kdumpctl rebuild` kisha `kdumpctl restart`. Bila hivyo kerneli ya pili itatafuta kadi ambayo umeshaiondoa.

Na Ubuntu au Debian?

Ubuntu: `apt install linux-crashdump nfs-common`. Debian: `apt install kdump-tools nfs-common`. Kwenye `/etc/default/kdump-tools`:

`USE_KDUMP=1`
`NFS="10.10.4.5:/srv/kdump"`
`HOSTTAG="hostname"`

`HOSTTAG` ikiwa hivyo, saraka inapewa jina la seva badala ya IP, na hilo linasaidia sana ukiwa na seva nyingi. Washa upya, kisha `kdump-config show`. Unachotafuta ni `ready to kdump`. `kdump-config test` inakuonyesha amri itakayotumika bila kuitekeleza.

Jua tofauti hii kubwa. RHEL inafanya kazi yote ndani ya initramfs, haihitaji diski ya seva. Debian na Ubuntu zinaunganisha mfumo mkuu wa faili wa seva kwanza, kisha ndipo huduma ya dampu inaendeshwa kutoka humo. Kama diski ya seva ndiyo iliyokufa, dampu ya Ubuntu inaweza isifike kwenye NAS hata kama NAS ni nzima. Kwa seva za Ubuntu ninazozitilia shaka diski zake, huongeza netconsole, nitakayoieleza mbele.

Nikitaka SSH, funguo zinakaaje?

Kwenye boksi la kupokea tengeneza mtumiaji wa kazi hii tu, tumwite `kdump`, mwenye haki ya kuandika kwenye `/srv/kdump`. Kwenye `/etc/kdump.conf` ya RHEL:

`ssh kdump@10.10.4.5`
`sshkey /root/.ssh/kdump_id_rsa`
`path /srv/kdump`
`core_collector makedumpfile -F -l --message-level 7 -d 31`

Kisha `kdumpctl propagate` inatengeneza ufunguo na kuupeleka. Kwenye Ubuntu ni `SSH="kdump@10.10.4.5"` na `kdump-config propagate`. Chagua moja, SSH au NFS, usiweke zote mbili.

Ile `-F` ni ya lazima, kwa sababu kupitia SSH faili linaandikwa mfululizo bila kurudi nyuma. Linalofika linaitwa `vmcore.flat`, na unalirudisha katika umbo la kawaida hivi: `makedumpfile -R vmcore < vmcore.flat`.

Boksi la kupokea likifungwa upya Linux, ufunguo wake wa utambulisho unabadilika na kila seva itakataa kutuma dampu huko, kimya kimya, mpaka siku ya kuanguka. Andika kwenye daftari la chumba cha seva: tukibadilisha boksi la dampu, kwenye kila seva tunafuta ufunguo wake wa zamani kwa `ssh-keygen -R 10.10.4.5`, kisha tunaendesha `propagate`.

Najaribuje?

Kwa kuiangusha seva kweli. Najua swali linalofuata: bosi ataruhusu? Mwombe saa moja Jumapili alfajiri, mweleze kwamba mtaiangusha makusudi ili mjue kama siku itakapoanguka yenyewe mtapata sababu. Wakubwa wengi wakielezwa hivyo wanakubali, kwa sababu wameshachoka kuambiwa "ni umeme". Fanya kabla seva haijaanza kazi kama una bahati hiyo.

Funga hifadhidata na huduma zote kwa utaratibu, chukua bakapu, endesha `sync`. Kaa mbele ya skrini halisi au iLO, iDRAC, chochote kinachokuonyesha skrini. SSH itakatika papo hapo na hutaona kitu. Angalia `cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded`. Lazima iseme 1. Kisha:

`echo 1 > /proc/sys/kernel/sysrq`
`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Skrini itamwaga mistari ya paniki, itatulia kidogo, kisha kerneli ya pili itaanza kuwaka kama vile seva imewashwa upya bila nembo ya mtengenezaji. Mtandao utaitwa. Ukiona `Copying data` ikifuatiwa na asilimia inayopanda, mambo ni mazuri. Ikifika 100 na ujumbe kwamba `vmcore` imekamilika, mashine itajiwasha upya yenyewe. Usiiguse kabla ya hapo, hata kama asilimia inakwenda taratibu.

Halafu nenda kwenye NAS. Usiishie kuona saraka ipo. Angalia ukubwa wa faili, na soma `vmcore-dmesg.txt`. Mistari ya mwisho itataja sysrq. Kwenye RHEL, ukikuta saraka inayoanza na `127.0.0.1` kwenye diski ya seva yenyewe, dampu imeandikwa ndani, haikwenda mtandaoni: ile akiba imefanya kazi lakini njia kuu imefeli.

Rudia jaribio hili kila unapobadilisha kerneli kubwa, kadi ya mtandao au swichi.

Nimejaribu, haikufika. Nianzie wapi?

Anzia kwenye swichi. Hili ndilo tatizo ninaloliona zaidi na ndilo linalopoteza muda wa watu wengi, maana kwenye seva kila kitu ni sahihi. Kerneli ya pili inapoamka, kadi ya mtandao inazimwa na kuwashwa upya. Swichi inayotumia spanning tree ya kawaida (utaratibu wa kuzuia mizunguko kwenye mtandao), ikiona kebo imeamka, inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 nyingine ikijifunza kabla ya kupitisha data. Hizo ni sekunde 30 ambazo seva inaona taa inawaka lakini hakuna pakiti inayopita. Kdump inajaribu kuunganisha NAS, inashindwa, inakata tamaa. Ukiwasha seva kawaida hulioni tatizo, kwa sababu mfumo kamili unachukua muda mrefu kuwaka. Dawa ni kuiweka milango ya seva kwenye swichi iwe ya portfast, au edge, kulingana na swichi. Kama swichi si yako, unaweza kuongeza subira upande wa seva kwa `rd.net.timeout.carrier=45` kwenye `KDUMP_COMMANDLINE_APPEND` ndani ya `/etc/sysconfig/kdump`; hiyo inangoja kadi iamke na si dawa kamili, ila mara nyingine inasaidia.

Swichi ikiwa safi, angalia DHCP. Ipe seva IP ya kudumu, na NAS uitaje kwa IP badala ya jina. Kila huduma unayoiondoa kwenye njia ya dampu ni kitu kimoja kidogo cha kufeli usiku.

Kisha firewall. NFSv4 inahitaji mlango 2049 peke yake. NFSv3 inataka pia 111 na ule wa mountd. Ukiwa na firewall kali, lazimisha NFSv4.

Dampu ikianza vizuri na kukatika katikati, mara nyingi bila ujumbe wowote, shuku watchdog ya mashine. Seva nyingi zina saa ya ndani inayoiwasha upya mashine isipoonyesha uhai kwa dakika kadhaa, na yenyewe haijui kwamba dampu inaandikwa. Ongeza muda wake au izime kwenye BIOS au iLO wakati wa jaribio uone tofauti.

Asilimia inapanda polepole mno? `ethtool eno1` na utazame `Speed`. Ikisema 100Mb/s kwenye kadi ya gigabiti, kebo ina jozi iliyokatika. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Mbili zikibaki nzima, kadi inashuka bila kulalamika. Kebo zilizokatwa na kubanwa kwa mkono ofisini zina ugonjwa huu sana.

Seva iliganda kabisa, nikaizima kwa kitufe. Dampu iko wapi?

Haipo, kwa sababu kuganda si kupaniki. Kerneli iliyoganda haijajitangaza imekufa. Iambie ipaniki ikiganda, kwa kuweka kwenye `/etc/sysctl.d/`:

`kernel.softlockup_panic = 1`
`kernel.unknown_nmi_panic = 1`
`kernel.panic_on_oops = 1`

Baada ya hapo, seva ikiganda, badala ya kushika kitufe cha kuzimia tuma NMI, ishara ambayo kerneli haiwezi kuipuuza: `ipmitool chassis power diag`, au kitufe chake ndani ya iLO na iDRAC. Hiyo inailazimisha kupaniki na kuandika dampu. Mfundishe na mwenzako wa zamu ya usiku. Ushahidi mwingi unapotea kwa mtu mwema aliyefika wa kwanza na kuzima mashine.

Tawi liko Arua, NAS iko Kampala. Naweza kutuma moja kwa moja?

Usifanye. Chukua dampu ya gigabaiti 4 na laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Laini hiyo inapitisha megabaiti 2.5 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni karibu dakika 27 za tawi kusimama, kama laini haitayumba hata mara moja. Kwenye LAN ya gigabiti faili hilo linapita chini ya dakika moja. Wateja wa tawi wamepanga foleni, na seva haitawaka mpaka dampu iishe.

Weka boksi dogo huko huko Arua, hata ile kompyuta kuukuu, kisha usiku `rsync` ipeleke Kampala kupitia VPN. Laini ikikatika inaendelea ilipoishia ukiipa `--partial`, jambo ambalo kdump haiwezi.

Umeme ukikatika wakati dampu inaandikwa?

Imepotea, haiwezi kuendelezwa. Lakini angalia kitu kingine kabla ya hapo: je, swichi iko kwenye UPS? Nimeingia vyumba ambavyo seva na NAS ziko kwenye UPS nzuri na swichi iliyo katikati imechomekwa ukutani. Hapo dampu haina njia hata kama pande zote mbili ni hai. Hesabu seva, swichi na NAS kama kitu kimoja, zote tatu ziwe upande wa UPS.

Faili litakuwa kubwa kama memori yote?

Hapana, ukitumia `-d 31`. Namba hiyo ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16: kurasa tupu, aina mbili za kashe, data za programu za watumiaji, na memori isiyotumika. Zote zinaachwa, inabaki memori ya kerneli, ambayo ndiyo unayoihitaji. Bila kuchuja, seva ya gigabaiti 64 ingechukua kama dakika 10 kwenye gigabiti moja. Ikichujwa inakuwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Ukubwa hasa unategemea kazi ya seva, kwa hiyo upime siku ya jaribio ukiwa umeipa mzigo kidogo.

Nafasi ya NAS ipangie seva kuanguka mara kadhaa mfululizo, maana seva mbovu huanguka, ikawaka, ikaanguka tena usiku kucha. Weka kikomo kwenye folda na ufute za zamani zilizokwisha kushughulikiwa.

Dampu ina data za wateja?

Ichukulie kwamba inazo. Hata iliyochujwa inaweza kubaki na vipande vya pakiti za mtandao, majina ya faili na funguo za siri zilizokuwa ndani ya kerneli. Ukipunguza uchujaji, kwa mfano `-d 17`, unachukua pia memori ya programu: majina, salio la mwanachama wa SACCO, majibu ya maabara ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 haitofautishi data iliyo kwenye hifadhidata na iliyo kwenye dampu. Ikivuja, taarifa inapaswa kwenda kwa Personal Data Protection Office iliyo chini ya NITA-U.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia mtengenezaji wa programu aliye nje ya nchi faili zima la `vmcore`, mpe kwanza `vmcore-dmesg.txt`. Ni maandishi, unaweza kuyasoma mstari kwa mstari kabla ya kuyatuma, na mara nyingi yanatosha. Akihitaji zaidi, mwombe akupe amri za kuendesha, umrudishie majibu.

Nikishalipata, nalifunguaje?

Kwa programu ya `crash`, pamoja na kerneli yenye alama za uchunguzi ya toleo lile lile hasa lililoanguka. Kwenye RHEL ni `kernel-debuginfo`, kwenye Ubuntu ni kifurushi cha `dbgsym`. Ni vifurushi vikubwa, kwa hiyo vipakue mapema na uviweke kwenye NAS kabla ya tatizo. Kwenye RHEL amri ni hii:

`crash /usr/lib/debug/lib/modules/TOLEO/vmlinux vmcore`

Ukiingia, `log` inakuonyesha ujumbe wa kerneli, `bt` inakuonyesha mlolongo wa kazi ulioishia kwenye paniki, `ps` programu zilizokuwepo. Anza na `bt`. Jina la draiva likijitokeza kwenye mabano ya mraba, kama `[bnx2x]` au `[nfsd]`, litafute pamoja na toleo la kerneli yako kwenye orodha za marekebisho. Mara nyingi kuna aliyekutangulia.

Ile netconsole uliyoitaja?

Ni moduli inayotuma ujumbe wa kerneli kwa UDP kadiri unavyotokea, kwa kawaida kwenye mlango 6666 wa boksi la kupokea. Haitumi memori, inatuma maandishi tu, na haihitaji kerneli ya pili wala diski.

`modprobe netconsole netconsole=6665@10.10.4.21/eno1,6666@10.10.4.5/`

Upande wa pili acha `nc -u -l 6666` au rsyslog ikisikiliza. `Nc` za aina nyingine zinataka `-p` kabla ya namba ya mlango. Dampu ikishindwa, angalau mistari ya paniki imeshatoka.

Seva zangu ni mashine pepe. Bado nahitaji haya?

Kdump inafanya kazi ndani ya mashine pepe vile vile. Lakini kwenye KVM una njia fupi kwa ile iliyoganda: kwenye mashine mama endesha `virsh dump --memory-only jina /mnt/kdump/jina.core`, na faili linafunguka kwa `crash`. Hilo linachukua memori yote bila kuchuja, kwa hiyo yale ya data za wateja yanahusu zaidi hapa. Mashine mama yenyewe iwekee kdump ya mtandao kama seva nyingine yoyote, na uipe kipaumbele: ikianguka, zote zilizo juu yake zinaanguka nayo.